Mzee Aliyelewa Ndani ya Kompyuta

Mimi ni mwalimu mstaafu, na nyumba yangu iko huku Kagera, katikati ya migomba, mwendo wa saa nzima kwa pikipiki kutoka mjini Bukoba. Mtu wa umri wangu akisema ana studio nyumbani watu hucheka, nami siwalaumu. Studio yenyewe ni chumba cha watoto ambao wamekwisha kuondoka. Ndani yake mna meza, kompyuta ndogo niliyoinunua kwa mtu, maikrofoni mbili, hedifoni, na kisanduku cha chuma kisichozidi ukubwa wa nusu mkate. Kisanduku hicho ndicho mlango wa sauti: waya nene za maikrofoni huingilia upande mmoja, na upande wa pili hutoka waya wa USB kwenda kwenye kompyuta. Mafundi hukiita intafesi. Hiyo ndiyo mali yote.

Nataka kuwasimulia jambo lililonipata na vyombo hivi mwaka wa 2021. Najua vijana wengi wa vijijini wanarekodi kwaya na ngoma kwa vyombo kama hivi, na labda wako wazee wengine waliokwisha kumfukuza mtu kwa kosa lisilo lake, kama nilivyofanya mimi.

Baba yangu mkubwa alikuwa mpiga enanga. Kwa wasomaji wa mbali: enanga ni ubao uliochongwa kama sinia refu lenye kina, na uzi mmoja umepitishwa juu yake kwenda na kurudi mara kadhaa. Mpigaji hukaa akaipakata, akaimba hadithi ndefu za mashujaa na wafalme wa zamani huku vidole vikitembea. Profesa M. M. Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alizikusanya na kuziandika tendi hizi za Wahaya, na kazi yake ni hazina. Lakini maandishi hayana koo. Upande wetu alikuwa amebaki Mzee peke yake aliyeweza kuimba utenzi mzima toka mwanzo hata mwisho, naye alikuwa amepita miaka 80, na kifua chake kilikuwa kimeanza kumwacha. Nilipomwomba nimrekodi alifikiri siku tatu. Kisha akaniambia, “Mwanangu, nitaimba mara moja. Ukiikosa, umeikosa.”

Msaidizi wangu alikuwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, kijana wa maneno machache aliyekuwa amemaliza kidato cha nne na kukaa kwangu akingoja riziki. Nilimpa kazi ya kushika waya. Kazi ya kuandika aliichukua mwenyewe. Alikuwa na daftari la shule lililobaki kurasa, na humo aliandika kila tulichofanya, hata saa. Mimi niliona ni mchezo wa kitoto, nikamwacha.

Majaribio ya kwanza tuliyafanya sebuleni kwangu. Sakafu ni saruji, kuta ni saruji, juu ni bati. Nilipiga kofi moja nikasikia matatu. Sauti ya mtu katika chumba cha namna hiyo hutoka kama anasemea ndani ya tangi la maji, na mwangwi huo ukiisha kuingia katika maikrofoni, kuutoa ni kama kutoa chumvi katika mchuzi. Zaidi ya hayo palikuwa na mvumo usiokoma. Umeme wetu hubadili mwelekeo mizunguko 50 kwa sekunde, na ukipenya katika waya za sauti hujitangaza kwa mvumo mzito wa mtetemo huo huo, pamoja na ndugu zake wa 100 na 150. Mpwa wangu alichomoa kitu kimoja kimoja huku mimi nimevaa hedifoni. Taa: mvumo upo. Friji: upo. Adapta ya kompyuta: kimya! Basi tukajua kwamba siku ya kazi tutatumia betri tu, nayo tukaipima tukaona yadumu saa moja na nusu. Simu zote tulikubaliana zikae nje, maana anayeweka simu karibu na redio anazijua zile kelele za ti-ti-ti, na waya za maikrofoni huzipokea vilevile.

Mwisho tukaamua kumfuata Mzee kwake. Sebule yake ilikuwa na nyasi zilizotandikwa chini kwa desturi yetu, na dari ya matete chini ya bati. Tukaning'iniza blanketi mbili na godoro nyuma yake. Nilipiga kofi moja, nikasikia moja.

Ikawa jioni ya Jumamosi moja ya mwezi wa Julai, msimu wa kahawa. Maikrofoni moja, ile inayotaka kulishwa volti 48 kutoka kwenye kisanduku, niliielekeza kinywani. Ya pili, ya kawaida, niliiweka karibu na enanga. Kiwango cha sauti nilikiweka chini kwa makusudi. Ndani ya kompyuta kuna dari iitwayo sifuri. Sauti ikiigonga hukatwa kichwa, na kilichokatwa hakirudi. Ni afadhali kurekodi chini ukapandisha baadaye. Basi nikamwomba Mzee atoe sauti yake kubwa kuliko zote, nikaacha desibeli 12 juu yake.

Majirani wanane walikuja wakakaa ukutani, wakitafuna kahawa. Mzee akaimba dakika arobaini. Sitaweza kuwaelezea. Palipo na vita enanga ilikimbia, palipo na msiba iliburura miguu, na majirani wakawa wakiitikia kwa miguno na “ee!” mahali panapostahili. Bibi mmoja alijifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Alipomaliza, Mzee aliiweka enanga chini akasema, “Imekwisha,” wala hatukujua anasema hadithi au kitu kingine.

Tulisikiliza dakika chache za mwanzo pale pale. Nzuri kabisa. Tukachomoa vyombo, tukarudi nyumbani. Mpwa wangu aliomba ruhusa ahamishe nyimbo za kompyuta kwenye simu yake, nikamruhusu, nikaenda kulala na furaha ya mtu aliyevua sangara mkubwa.

Asubuhi Mzee mwenyewe akafika na fimbo yake kusikiliza kazi yake. Nikawasha. Kilichotoka hakikuwa Mzee. Kilikuwa mlevi! Sauti nzito, inaburura maneno, na enanga imelegea kama nyuzi zimelowa mvua. Nikasimamisha, nikaanza upya. Mlevi yule yule. Nikachomoa waya nikachomeka, mlevi. Jana usiku sauti ilikuwa nzima, asubuhi imelewa, na katikati ya jana na leo nani aliigusa mashine? Nikamgeukia kijana. Akasema mara moja tu, “Sikugusa kitu, mjomba.” Nami, mbele ya Mzee, mbele ya mke wangu, nikasema maneno ambayo Mhariri hangeyachapa, na la mwisho lilikuwa kwamba mtoto asiye na kazi huwaharibia wenye kazi. Mzee hakusema lolote. Alisikiliza dakika moja zaidi ya yule mlevi aliyevaa sauti yake, akashika fimbo akaenda zake. Kesho yake alfajiri kitanda cha mpwa wangu kilikuwa kitupu. Alikwenda Bukoba, akakaa na vijana wanaotengeneza simu.

Nilitafuta ugonjwa ule wiki tatu. Nataka kuwaambia jinsi nilivyoutafuta vibaya, maana nadhani ndivyo wengi wanavyotafuta. Kwanza niliiondoa programu nikaiweka upya. Kisha nikanunua waya mpya wa maikrofoni. Kisha nikaipeleka kompyuta kwa fundi mmoja, akasema ina virusi, akachukua shilingi 30,000, akairudisha na mlevi wake ndani. Siku moja nilibadili mambo matano kwa pamoja, na hata kama ingepona nisingejua ni lipi lililoiponya. Wakati huo huo Mzee akashikwa na kifua, akalala kitandani.

Jioni moja, kwa uchovu zaidi kuliko kwa akili, nikafanya jambo dogo. Nilichomeka maikrofoni nikahesabu moja hadi kumi, nikasikiliza. Ikatoka sauti yangu, nzima. Hapo nikakaa kimya. Ikiwa maikrofoni ni nzima, waya ni mzima, kisanduku kizima, programu nzima, spika nzima, basi mgonjwa si chombo. Mgonjwa ni faili la usiku ule peke yake. Nilikuwa nimetibu nyumba nzima, na aliyeugua ni mtoto mmoja.

Nikaliangalia faili lile kama kwamba silijui. Programu iliandika urefu wake: dakika 43 na sekunde 32. Nikasema moyoni, lakini Mzee aliimba dakika arobaini. Au sivyo? Nani alipima? Nikakumbuka daftari. Lilikuwa bado chini ya mto wa kijana. Mwandiko wake ni mdogo na umenyooka. “Ameanza saa 1.20 usiku. Mbwa amebweka saa 1.41. Amekohoa mara 2. Amemaliza saa 2.00 kamili.” Nikamtafuta mbwa ndani ya kompyuta. Kwa daftari alibweka dakika ya 21. Kompyuta ilimweka karibu na dakika ya 23. Basi ziada haikuwa imeongezwa mwishoni tu. Kila dakika ilikuwa imevutwa kidogo, sawasawa, kama mpira. Nikachukua kalamu: 43 na nusu kugawa kwa 40. Jibu, 1.0875.

Hapa sina budi kueleza kidogo. Kompyuta haisikii sauti kama sikio lisikiavyo. Hupima msukumo wa sauti mara nyingi kila sekunde, na kila kipimo hukiandika kama namba. Sahani za CD, zilizotolewa na Sony na Philips mwaka wa 1982, ziliwekewa vipimo 44,100 kwa sekunde, na watu wa muziki wengi wanaifuata hesabu hiyo. Watu wa video hutumia 48,000. Zote mbili ni njema, mradi anayeandika na anayesoma wakubaliane. Ukiandika namba 48,000 kwa sekunde, kisha ukazisoma 44,100 kwa sekunde, kusoma kunachukua muda mrefu zaidi, na sauti yote inashuka kwa karibu robo tatu ya toni. Inalewa. Nikagawa 48,000 kwa 44,100, na mkono wangu ukatetemeka: 1.088.

Na nani aliyeweka 48,000? Mchana wa Jumamosi ile jirani yangu alikuwa ameniletea video ya harusi ya binti yake nimsaidie kusafisha hotuba. Nilifungua kidirisha cha kisanduku, kwa mkono wangu huu, nikakiweka kwenye 48,000, kisha nikasahau. Programu upande wake ilidhani tupo kwenye 44,100, ikabandika faili lebo hiyo. Usiku ule tuliposikiliza, kisanduku kilikuwa bado kwenye 48,000, kwa hiyo kosa la kuandika na kosa la kusoma yalifutana, tukasikia vizuri. Tulipokichomoa kikarudi 44,100 chenyewe. Hakuna aliyechezea kitu usiku. Kijana alihamisha nyimbo zake akalala.

Programu ninayotumia ni Audacity, ya bure, iliyoanzishwa mwaka wa 1999 na Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani. Ndani yake mna mahali pa kubadili lebo hiyo bila kuigusa sauti yenyewe. Nikabadili 44,100 kuwa 48,000. Urefu ukawa dakika arobaini. Nikabonyeza. Mke wangu, aliyekuwa jikoni na hajui lolote, akapaza sauti, “Baba mkubwa amekuja saa ngapi? Mbona hukuniita nimsalimu?”

Mtu mwema angepanda pikipiki usiku ule ule kwenda Bukoba. Mimi nilijiambia nitakwenda kazi ikiisha, nimpelekee kijana wimbo uliokamilika. Hiyo ilikuwa haya iliyojifunika shuka la kazi. Nikaketi kuchanganya sauti peke yangu.

Kuchanganya ni kupanga sauti zilizorekodiwa ili zikae pamoja: ipi mbele, ipi nyuma, ipi kushoto, ipi kulia. Zamani jambo hili lilifanywa kabla ya kurekodi. Hugh Tracey alipopita Tanganyika mwaka wa 1950 akikusanya muziki wetu, hakuwa na njia ya kuvuta ngoma nyuma akiisha kurudi nyumbani. Mizani aliipata papo hapo, kwa mahali alipoiweka maikrofoni. Mashine za kutenganisha sauti katika njia nyingi zilikuja baadaye. Les Paul wa Marekani alipata yake ya njia 8 kutoka Ampex mwaka wa 1957, akaiweka nyumbani kwake. Leo kompyuta ya kawaida ina njia nyingi kuliko vidole vya familia nzima, na nadhani hapo ndipo majaribu yalipoingia.

Nilianza vizuri. Nilipozifungulia maikrofoni mbili kwa pamoja, enanga ikawa nyembamba, kama imetobolewa tumbo. Sababu yake ni umbali. Sauti huenda mita kama 340 kwa sekunde. Maikrofoni ya kinywani ilikuwa mbali na enanga kuliko ile nyingine kwa sentimeta 60 hivi, basi iliisikia enanga ile ile ikichelewa kidogo, chini ya elfu mbili za sekunde. Mawimbi mawili yasiyokwenda sawa hulana. Dawa niliyoona inafaa ni kuishusha ile ya enanga mpaka iwe msaidizi tu, na ya kinywani ibebe mzigo. Pia nilikata sauti zote za chini ya mtetemo wa 80, ambako hapakuwa na kitu ila vishindo vya miguu.

Ningeacha hapo ningekuwa mwenye hekima. Lakini vyombo vilikuwa vingi na vya bure. Nikaweka chombo cha kunyamazisha pale ambapo hakuna maneno, pumzi zikapotea, kikohozi kikapotea. Miguno ya majirani nikaifuta mmoja mmoja, kazi ya siku nne. Nikaweka kompresa, ambayo hushusha palipo juu ili palipo chini pasikike, nikaikaza mpaka msiba na vita vikawa na kimo kimoja. Nikamwaga mwangwi wa bandia juu ya yote. Tena nikaona maneno hayako wazi, nikapandisha sehemu ya juu ya sauti kwa desibeli 8. Nikajisifu.

Nilimpelekea Mzee kitandani kwa redio ile ya kadi. Alisikiliza macho yamefumbwa.

“Anaimba vizuri,” akasema. “Ni nani?”

“Ni wewe, baba.”

Akasikiliza tena. “Mbona hapumui? Amekufa?” Kisha akauliza, “Na watu waliokuwepo wamekwenda wapi? Mimi sikuimba peke yangu.” Akageuka ukutani. Nilipokuwa nainuka kuondoka akaniuliza neno la mwisho: “Yule kijana, yuko wapi? Ndiye aliyekuwa akinitazama nilipokuwa nikiimba. Wewe ulikuwa ukitazama taa za kisanduku.”

Kesho yake nikaenda Bukoba. Nilimkuta chini ya mwavuli, ana simu iliyofunguliwa mbele yake na bisibisi mkononi. Nikampa daftari. Nilikuwa nimeandika hesabu yote ukurasa wa nyuma, 43 na nusu kugawa kwa 40, maana sikujua nianzeje kwa kinywa. Alisoma, akaisoma tena, akatikisa kichwa polepole kama fundi anayeona kosa zuri.

“Harusi,” akasema.

“Ndiyo, harusi. Ni mimi. Nisamehe, mpwa wangu.”

Akanyamaza kidogo akifunga skurubu. Kisha akasema kwa adabu, bila kuniangalia usoni, “Mjomba, mimi nimesamehe. Lakini yale maneno ulinitolea mbele ya babu.”

Alikuwa na haki. Jumapili ile tulikwenda wote wawili kwa Mzee, nami nikasimama pale penye nyasi nikasema kosa langu wazi, mbele yake na mke wake na mke wangu. Si jambo jepesi kwa mtu aliyefundisha miaka thelathini na tano. Mzee alisikiliza akasema tu, “Basi pikeni kahawa.”

Usiku kijana alivaa hedifoni asikilize kazi yangu. Haikupita dakika moja akazivua kama zimemchoma.

“Mjomba, hawa nyenje hawakusumbui?”

“Nyenje gani?”

Akaniangalia kuona kama nafanya mzaha. Nyenje wa usiku ule, asema, wanalia juu ya enanga toka mwanzo hadi mwisho, na kila “s” ya Mzee yachoma sikio kama sindano. Nilivaa hedifoni, nikakaza sikio. Sikusikia nyenje hata mmoja. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo daktari angeweza kuniambia zamani: masikio ya mtu akizeeka huanza kupoteza zile sauti nyembamba za juu, na hayakuagi. Nilikuwa nimepandisha desibeli 8 ili kujaza upungufu wa masikio yangu mwenyewe, nikamchoma kila mwenye masikio mazima. Nikatoka nje nikasimama migombani. Kimya. Nikamwita mke wangu nikamwuliza kama nyenje wanalia. Akasema, “Wanalia kila siku, una nini wewe?”

Basi nikampisha kijana kiti. Akaondoa karibu yote niliyoyaweka. Mwangwi wa bandia, nje. Kinyamazisha pumzi, nje. Desibeli 8 za juu, nje, na bado akapunguza mbili. Kompresa aliiacha kidogo tu, isionekane. Miguno ya majirani aliirudisha kutoka faili la kwanza, ambalo namshukuru Mungu sikulifuta. Lilikuwa salama katika kijiti cha USB ndani ya kabati. Mara nyingi nilipotaka tupandishe kitu, yeye alishusha kingine, na kile nilichokitaka kikatokea. Alifanya kazi sauti ikiwa chini, kama watu wanaoongea mtoto amelala, maana asema sauti ikiwa kubwa kila kitu huonekana kizuri. Kila nusu saa alizima, tukaenda nje. Kisha alisikiliza kwa spika ya simu, tena kwa redio ya kadi, maana ndizo atakazosikilizia kila mtu huku kwetu, na besi niliyokuwa naionea fahari haikuwemo kabisa ndani ya simu.

Palibaki mlio mmoja wa “tak!” katika dakika ya 31, ambapo kompyuta ilizidiwa kidogo ikaruka namba kadhaa. Ni ugonjwa wa kawaida: kompyuta ikipewa akiba ndogo mno ya namba za kushika kwa mara moja, na huku inafanya kazi nyingine, hujikwaa. Siku ya kurekodi afadhali kuzima intaneti na kufunga programu nyingine zote. Kijana aliukata mlio ule kwa ustadi hata sikuona kovu.

Tulikwenda kwa Mzee siku ya Alhamisi, jua likiwa limeanza kulegea. Alikuwa ameketi nje, blanketi magotini, amepata nafuu kidogo. Redio tuliiweka juu ya kinu kilichopinduliwa. Alisikia pumzi yake ya kwanza kabla ya neno la kwanza, akatabasamu. Alipokohoa ndani ya redio akakohoa na nje. Majirani wa redioni wakasema “ee!”, na bibi aliyekuwa akianua kahawa uani akaitikia “ee!” bila kujua ameitikia nani.

Katika dakika ya 26 hivi, Mzee akainua mkono. “Simamisha.”

Nikasimamisha. Moyo ukanigonga, nikadhani tumeharibu tena.

“Hapo nimemruka mtu,” akasema. “Shujaa anavuka mto, lakini sikumtaja mwenye mtumbwi. Ana jina lake, na ana mistari yake. Usiku ule nilikuwa nimechoka.” Akanyosha mkono kuelekea mlangoni. “Nileteeni enanga. Kipande hicho tu.”

Tukakimbia nyumbani kwa pikipiki kuchukua vyombo. Blanketi zikatundikwa, simu zikatolewa nje, adapta tukaiacha nyumbani. Mzee akaipakata enanga, akagusa uzi wa kwanza, akaukaza kidogo. Mpwa wangu akafungua daftari, akaangalia saa yake ya mkononi, akaandika: saa 12.05 jioni. Kisha akaniinamia.

“Mjomba, kisanduku kiko kwenye ngapi?”

Nikafungua kidirisha, nikavaa miwani, nikasoma. “Arobaini na nane elfu.”

“Na programu?”

“Arobaini na nane elfu.”

Akaliandika na hilo.